Je, chuo kidogo cha Mtwara kinaweza kufundisha na kutafiti ubongo?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa baiolojia katika chuo kikuu kishiriki kidogo hapa Mtwara. Karibu wanafunzi wangu wote wanasomea ualimu wa sekondari. Tangu nimalize shahada ya uzamili nina hamu ya kuanzisha somo la sayansi ya ubongo na neva, na baadaye utafiti. Mkuu wangu wa idara anasema bila mashine ya MRI ya kupiga picha za ubongo, bila kitivo cha tiba na bila mfadhili wa nje, hiyo ni ndoto ya mchana. Wenzangu wananishauri niandike kwanza andiko la kuomba fedha za kituo kizima cha utafiti. Nianzie wapi?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hao wenzako: andiko hilo usiliandike. Kituo kikija kabla ya watu wake hubaki jengo lenye kufuli. Mwaka 2011 ilichapishwa hesabu ya vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ikaonekana takribani asilimia 38 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Sababu zake unazijua bila kusimuliwa: fundi hayupo, kipuri hakipatikani, umeme unaruka, na aliyefundishwa kukiendesha kifaa amehamishiwa mkoa mwingine. MRI ya kawaida, ukiacha bei yake, inadai heli ya kupozea sumaku, chumba kilichokingwa, umeme usioyumba na mkataba wa matengenezo kila mwaka. Hata ukipewa bure, bajeti ya idara yako haitauona mwaka wa pili.

Mkuu wako wa idara namwelewa. Sayansi ya ubongo wengi wetu tunaiona kwenye televisheni, picha za ubongo zenye rangi nyekundu na njano, tukadhani fani yote ndiyo hiyo. Kumbe picha hizo ni chumba kimoja cha nyumba kubwa. Kwa maoni yangu uwezo wa chuo katika fani hii unapimwa kwa kuangalia kama pana watu watatu au wanne waliokaa na swali lao wenyewe kwa miaka kumi. Vifaa hufuata swali. Na nyinyi wa kusini mnalo swali ambalo Dar es Salaam hawana.

Nasema ugonjwa wa konzo. Mtu anaamka mzima, na ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Hisia zinabaki, ugonjwa hauzidi kuendelea, ila hauponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kati ya mwaka 2001 na 2004, ukame ulipopiga, wilaya za Mtwara na Mbinga zilipata wagonjwa zaidi ya 200. Huko Msumbiji, mkoani Nampula, mlipuko wa mwaka 1981 ulikumba zaidi ya watu 1,000, na daktari kijana kutoka Sweden aliyekuwa akifanya kazi Nacala, Hans Rosling, alikuwa miongoni mwa waliofuatilia chanzo chake hadi kwenye muhogo mchungu.

Kemia yake utaifundisha bila shida. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayobeba sumu ya sianidi. Ukipondwa, kimeng'enya cha muhogo wenyewe huivunja linamarini hiyo, na sianidi hutoka na kupotea hewani, ilimradi upewe muda. Makopa ya kawaida huanikwa kwa wiki kadhaa. Njaa ikibana watu hufupisha njia: muhogo unapondwa, unaanikwa, unapondwa tena, na kesho yake ugali uko tayari. Njia hiyo huku kusini inaitwa chinyanya. Mwaka 1988 watu wa wilaya ya Masasi walidhurika na muhogo ambao haukusindikwa vya kutosha, na mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Nicholas Mlingi, akishirikiana na kina Rosling, alipima hatua kwa hatua sumu inapungua wapi na inabaki wapi. Mwili nao una njia ya kujitetea: huigeuza sianidi kuwa thiosianati, kazi inayohitaji salfa itokayo kwenye protini. Ndiyo maana sumu ileile huumiza zaidi nyumba isiyopata samaki wala kunde.

Kwa upande wa kemia tumefika mbali. Kwa upande wa neva mlango bado uko wazi. Kwa nini ziumie njia za neva zinazoshuka kutoka gamba la ubongo kwenda miguuni, nyingine zisalimike? Kwa nini kwenye kaya moja, sufuria moja, mmoja apooze na mwingine atembee? Halafu kuna jambo linalokuhusu wewe na walimu wako moja kwa moja. Mwaka 2013 Michael Boivin na daktari bingwa wa neva kutoka Kongo, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa watoto wa Kahemba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenye konzo walipata alama za chini kwenye vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, hilo halikushangaza. La kushangaza ni kwamba watoto wa eneo lilelile ambao miguu yao ilikuwa mizima nao walikuwa nyuma ya watoto wa mahali ambako ugonjwa haukufika. Maana yake sumu inaweza kuwa inafika kichwani mwa mtoto ambaye hakuna anayemwita mgonjwa, anayekaa dawati la tatu na kuitwa mzito wa kuelewa.

Basi hilo ndilo swali lako la miaka kumi: unga wa kaya, lishe, na akili ya mtoto wa shule ya msingi. Kupima sianidi kwenye unga kunawezekana kwa karatasi za pikrati, njia iliyoendelezwa na Howard Bradbury kule Australia. Karatasi hubadilika kutoka njano kuelekea kahawia, unasoma siku ya pili. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Mkitaka kutengeneza karatasi wenyewe, mwambie mtunza maabara kwamba asidi ya pikriki ikikauka hulipuka, isiachwe kabatini bila unyevu. Bradbury huyohuyo ndiye aliyeeneza njia ya kulowesha: unga unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unasongwa ugali siku hiyohiyo. Ifahamu vizuri kabla hujagonga hodi ya kwanza, maana hutamwambia mama kuwa unga wake una sumu kisha ukaaga.

Kipimo cha akili ya mtoto ndicho kigumu, na hapo ndipo chuo cha ualimu kinaweza kukizidi chuo cha tiba. Vipimo vingi vimetungwa Marekani na Ulaya. Mtoto anaonyeshwa picha za vitu asivyowahi kuvishika, anaambiwa afanye haraka wakati nyumbani amefunzwa kufanya taratibu na vizuri, na anayemuuliza ni mgeni ambaye adabu inamkataza mtoto kumkazia macho. Akishindwa, umepima nini? Kurekebisha kipimo ni kazi ya kisayansi kamili. Unatafsiri, mtu mwingine ambaye hakuona asilia anarudisha tafsiri hiyo, unajaribu kwa watoto wachache na kuwauliza walielewa nini, unampima mtoto yuleyule baada ya wiki mbili uone kama alama zinakaribiana, unawaweka wapimaji wawili kwa mtoto mmoja uone kama wanakubaliana. Kijijini Newala utahitaji pia kujua maelekezo gani mtoto huyapokea vizuri kwa Kimakonde kuliko kwa Kiswahili. Ukienda Nachingwea ni Kimwera, Masasi kuna Kimakua na Kiyao. Wanafunzi wako wanazijua lugha hizo tangu utotoni. Profesa wa kigeni hawezi kuzinunua.

Hili si jambo la kubuni. Kilifi, pwani ya Kenya, ni mji mdogo kama miji yenu. Mwaka 1989 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza, walianzisha kituo cha utafiti kwenye hospitali ya wilaya hapo, wakianzia na malaria kali ya watoto. Kutokana na watoto waliopona malaria ya ubongo likazuka swali la kinachobaki kichwani baada ya homa: kifafa, ugumu wa kujifunza, matatizo ya kuongea. Wakahitaji vipimo vinavyomfaa mtoto wa Kilifi, na Amina Abubakar na wenzake wakavitengeneza. Kimojawapo, cha ukuaji wa watoto wachanga na wadogo, kinajulikana duniani kwa jina la Kilifi. Angalia mfuatano wake: wodi ya watoto, kisha swali, kisha kipimo, kisha jina.

Hata Lindi na Mtwara hamuanzi kwenye jangwa. Taasisi ya Afya Ifakara ilifanya tafiti kubwa za kaya katika mikoa hii miwili miaka ya 2000, kuhusu malaria kwa watoto na uhai wa watoto wachanga. Wapo watu mitaani mwenu waliowahi kuwa wasaili, wanaojua kuomba ridhaa na kujaza dodoso bila kulazimisha jibu. Watafute.

Sasa darasani. Shahada mpya itakupeleka kwenye safari ndefu ya kibali cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Omba somo moja la hiari ndani ya programu iliyopo, lenye vitendo kila wiki. Na vitendo unavyo vya kuvuta wivu wa vyuo vikubwa.

Nenda soko la samaki Feri alfajiri ununue ngisi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza mwaka 1952 jinsi umeme unavyosafiri kwenye neva, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1963, na waliweza kwa sababu ngisi ana aksoni (uzi mrefu wa seli ya neva) nene ajabu, katika baadhi ya spishi hufikia karibu milimita moja, wakati nyingi za kwetu ni sehemu ndogo ya unene wa unywele. Pasua mfuko wa mwili wa ngisi upande wa tumbo, ufungue, utaona ndani kila upande fundo la neva lenye nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama nyota. Mwanafunzi anaiona neva kwa macho yake, bila hadubini. Hakikisha ni ngisi kweli, maana dome ana aksoni nyembamba zaidi. Wala usijaribu kurekodi umeme kwa ngisi wa sokoni, huyo ameshakufa. Rekodi zenyewe fundisheni kwa kompyuta, milinganyo ya Hodgkin na Huxley inaendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida kwa programu za bure.

Pweza ni somo jingine. Anakadiriwa kuwa na nyuroni, yaani seli za neva, milioni 500, na theluthi mbili hivi ziko mikononi. Mama yeyote anayechokoa pweza maji ya bamvua atakuambia mkono uliokatwa bado unang'ang'ania. Mwalike aje kuongea na darasa.

Kwa anatomia chukua kichwa cha mbuzi machinjioni. Utoe ubongo taratibu, uhifadhi kwenye formalini mahali penye hewa, upasue katikati, mlinganishe na michoro ya ubongo wa binadamu. Uzuri wa mbuzi ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayekataa kumgusa kwa sababu ya dini yake. Kwa umeme hai, mende wanatosha: kampuni ya Backyard Brains imetengeneza kifaa kidogo kiitwacho SpikerBox ambacho kwa mguu wa mende aliyepozwa kwenye maji ya barafu kinakuwezesha kusikia nyuroni zikipiga, na kurekodi kwenye simu. Fundi mzuri wa redio anaweza kukijenga cha aina hiyo kutokana na michoro iliyo wazi. Mwanasayansi wa neva Tom Baden na wenzake wamechapisha michoro ya vifaa vya maabara vya kuchapwa kwa printa ya 3D, na mwaka 2017 wakaonyesha hadubini ndogo kamili inayojengwa kwa euro zisizofika 100.

Baden huyo, pamoja na Lucia Prieto-Godino na Sadiq Yusuf, ndio waanzilishi wa TReND in Africa, shirika la kukuza sayansi barani Afrika, ambao kozi yao ya kwanza ya nzi wa matunda ilifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, mji mdogo kuliko Mtwara. Nzi hao wanalishwa ndizi, unga wa mahindi na hamira. Sikushauri uanze nao katika utafiti, kwa sababu kutunza koo za nzi kunadai ubaridi usiokatika na mtu wa kuwabadilishia chakula hata Idi. Ila kwa kozi ni wanyama wazuri.

Mkuu wako akirudia habari ya mashine, msimulie kisa cha Rio de Janeiro. Kwa miaka vitabu vilisema ubongo wa binadamu una nyuroni bilioni 100, na karibu hakuna aliyeuliza nani alizihesabu. Suzana Herculano-Houzel na Roberto Lent, katika chuo kikuu cha umma cha Brazili, mwaka 2005 walichapisha njia ya kuusaga ubongo uliohifadhiwa kwa kemikali ndani ya maji ya sabuni hadi seli ziyeyuke zibaki viini tu, kisha viini vikapakwa rangi na kuhesabiwa kwa hadubini. Wenyewe waliuita supu. Mwaka 2009, kwa ubongo wa wanaume wanne, jibu likawa bilioni 86. Hadubini yao ilikuwa ya mwanga maalumu, sitakudanganya kuwa ni ya shule ya kata, lakini swali ndilo lililowavusha.

Niseme kidogo kuhusu EEG, kwa sababu ndicho kifaa cha ubongo cha kwanza ambacho nitakuruhusu ukiombee fedha, baada ya miaka kama mitatu. Kinanasa umeme wa ubongo kupitia elektrodi zinazobanwa kichwani, na kimetengenezwa kwa kufikiria nywele laini. Kwenye nywele zetu elektrodi huelea, rekodi inakuwa chafu, na mara nyingi wenye nywele za kipilipili wameachwa nje ya tafiti. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon walionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari iliyonyooka kufuata nafasi za elektrodi, na vibanio vikaundwa kushika kwenye mistari hiyo, mgusano unakuwa mzuri. Yaani twende kilioni ya kawaida, isukwe kwa vipimo. Msusi wa Magomeni hapo Mtwara akikaa na mwanafunzi wako wa fizikia wana kazi ya kuchapishwa.

Sasa watu, ambao ndio gharama halisi. Hutaweza peke yako. Mtafute mwenzako wa saikolojia ya elimu, mtafute daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya mkoa ya Ligula, kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au kutoka hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ambako wenye kifafa na kiharusi wanapita kila wiki. Na mpeni nafasi mtunza maabara, jina lake liingie kwenye machapisho. Vyuo vyetu humsahau, kisha hushangaa ujuzi ukiondoka naye. Shahada yako ya uzamivu ifanye kwa mtindo wa kwenda na kurudi: masomo na uchambuzi ufanye Muhimbili au nje, data na darasa viwe Mtwara. Anayeondoka moja kwa moja miaka minne hurudi na swali la maabara ya watu. Mahmoud Bukar Maina, Mnigeria anayefanya kazi Uingereza, amejenga kituo cha mafunzo ya utafiti Damaturu, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Yobe, eneo lililoumizwa na vita vya Boko Haram. Hakungoja mambo yatulie, wala hakukihamishia mji mkuu. Kwa ada za safari na kozi fupi kuna IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa mwaka 1961, na SONA, jumuiya ya wanasayansi wa neva wa Afrika, iliyozaliwa mwaka 1993. Wanafunzi wenye kichwa cha hesabu waombe Neuromatch, inayofundisha mtandaoni tangu mwaka 2020, au kozi ya Imbizo ya Cape Town.

Mshirika wa nje akija, mpokee, na mwulize mapema mambo ambayo adabu yetu hutuzuia kuyauliza: damu na mkojo vinapimwa wapi, data inakaa kwenye kompyuta ya nani, mwandishi wa kwanza ni nani, na akimaliza mradi anatuacha na nini. Jibu likiwa ni kukusanya sampuli na kuzisafirisha tu, mpe chai aende zake. Kusafirisha sampuli nje kuna mkataba wake unaopita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa hiyo si suala la kumridhisha mgeni.

Panga kazi ya kijijini kwa kalenda ya huku. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba kaya nyingi ziko kwenye korosho, watoto wanaokota, na utakayemkuta nyumbani hana muda na wewe. Miezi ya njaa, kabla ya mavuno mapya, ndiyo ambayo unga wa muhogo una habari nyingi zaidi. Umri wa mtoto usiukisie, omba kadi ya kliniki.

Kibali cha maadili kinatoka NIMR au kamati inayotambulika, COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, husajili utafiti, halafu kuna barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkurugenzi wa halmashauri, na mtendaji wa kijiji ambaye asiposhirikishwa barua zote za juu hazitakusaidia. Hesabu miezi, si wiki, na anza kuomba wakati somo lako la hiari linaanza. Kamati itataka fomu ya ridhaa ya mzazi kwa Kiswahili chepesi, na itauliza utafanya nini ukimkuta mtoto mwenye kifafa ambaye hajawahi kutibiwa. Wengi hukwama hapo. Kabla ya kuandika lolote, kaa na watu wa kliniki ya Ligula mkubaliane siku gani watawapokea watoto utakaowatuma, na nani atalipa nauli.